Je, Wajua? Gigahezi Unazoonyeshwa Dukani Huenda Ni Jina Tu

Mtu wa Mosocho akitafuta laptopu ya mtumba Kisii mjini, huenda akakutana na HP EliteBook 840 G3. Muuzaji humfungulia ukurasa wa sifa za mashine, panaposomeka: Intel Core i5-6300U, 2.40GHz. Mnunuzi hudhani ameonyeshwa kasi, kumbe amesomewa jina. Maandishi hayo yalitiwa ndani ya chipu ya prosesa kiwandani, na Windows huyanakili yalivyo.

Kasi yenyewe haitulii. Prosesa hiyo isipokuwa na kazi hushuka chini ya gigahezi moja ili kuokoa betri. Ikibanwa na kazi hupanda hadi 3.0, yaani mapigo bilioni tatu kwa sekunde, na joto likizidi hujipunguzia mwendo.

Basi mfumo endeshi hujuaje ukweli? Katika kila kiini cha prosesa mna vihesabio viwili. MPERF huhesabu kwa mwendo usiobadilika, APERF hufuata mapigo halisi, na vyote husimama kiini kinapolala. Mfumo huvisoma, husubiri kidogo, huvisoma tena. Iwapo APERF imeongezeka kwa 6 na MPERF kwa 5, kiini kimekwenda mara 1.2 ya kasi ya msingi. Jibu hilo ni wastani wa muda uliopita kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Na kiini kilicholala? Kukiuliza ni kukiamsha, na kukiamsha kunakula betri.

Hata mabingwa wamevutana hapa. Mwaka 2017 toleo la 4.13 la mfumo endeshi wa Linux lilianza kuonyesha namba ya kasi isiyobadilika katika /proc/cpuinfo, faili inayoeleza sifa za prosesa. Watumiaji wakalalamika, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akairudisha hali ya zamani katika 4.14. Naona alifanya haki: namba iliyoganda haimsaidii mtu anayetaka kujua mashine yake inafanya nini sasa hivi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba mashine ichomekwe kwenye chaja yake, ipewe kazi nzito kwa dakika kumi, na Task Manager ifunguliwe kwenye sehemu ya Performance. “Base speed” ni kasi ya msingi. “Speed” ndiyo inayopimwa. Hii ya pili ikishuka chini ya msingi na kung’ang’ania huko huku kazi ikiendelea, kagua feni kama imejaa vumbi, na chaja kama ni ya mashine hiyo.