Soko Halikosei, Nimekosea Mimi

Ami yangu aliuza mchele na unga hapa Mombasa kwa miaka thelathini. Duka lilimfia mikononi pale wenye mitaji mikubwa waliposhusha bei hadi wateja wakamhama, kisha wakaipandisha walivyotaka. Nikamwuliza, "Ami, hili ndilo soko huru ulilokuwa ukilisifu barazani?"

Akanitazama. "Mwanangu, soko halikosei. Ni mimi sikujua kwenda nalo."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kumbe jambo hili limewapata hata wakubwa wa dunia.

Mtazameni Alan Greenspan, aliyeongoza benki kuu ya Marekani tangu 1987 hadi 2006. Katika miaka ya 1950 alihudhuria baraza la mwandishi Ayn Rand mjini New York, palipofunzwa kwamba serikali iliache soko lijiendeshe. Mwaka 1974, alipoapishwa kuongoza washauri wa uchumi wa Rais Ford, bibi huyo alikuwa kando yake. Basi imani ile haikuwa hesabu tu. Ilikuwa ujana wake, usuhuba wake na cheo chake.

Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka. Tarehe 23 Oktoba Greenspan alikiri mbele ya wabunge kwamba ameona kasoro katika imani aliyoishika miaka arubaini na zaidi: alidhani wenye mabenki wangejilinda wenyewe. Lakini mwaka 2011 aliandika gazetini akizilaumu sheria mpya za kuyadhibiti mabenki, na balaa la 2008 akalitaja kuwa ni jambo la nadra tu.

Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba mtu aonapo jambo linalopinga imani yake hupata dhiki moyoni, na mara nyingi huona nafuu kugeuza maelezo kuliko kuigeuza imani yenyewe. Aliyefaulu, soko humwambia kuwa alistahili. Aliyeanguka humwachia tumaini la kesho. Ami akikubali kwamba alidhulumiwa, ile miaka thelathini ilikuwa ya nini?

Sikumjibu. Lakini wiki iliyopita mwanawe alikuja kuniomba nimchangie mtaji, naye ataka kufungua duka. Nilimpa nilichokuwa nacho, nikamwambia: "Bei za wakubwa zikikushinda, usikimbilie kujilaumu. Tazama kwanza mizani imeshikwa na nani."