Dawa ya majaribio si ahadi ya kupona

SARATANI ya mapafu mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaenea. Mgonjwa ametibiwa kikohozi au kifua kikuu kwa miezi, na picha zinapopigwa, uvimbe umefika kwenye ini au mifupa. Upasuaji hausaidii tena. Ndipo jamaa huniuliza: "Daktari, hakuna dawa mpya inayojaribiwa popote?"

Swali hilo ni la haki. Lakini ni vyema kufahamu jaribio ni nini.

Kwa kawaida kuna hatua tatu. Kwanza, wagonjwa wachache hupewa dawa ili kujua kiasi ambacho mwili utastahimili. Pili, huangaliwa kama uvimbe unapungua. Tatu, mamia ya wagonjwa hugawanywa kwa kura: baadhi hupata dawa mpya, wengine matibabu ya kawaida. Hatua hii ndiyo huamua.

Chukua mfano wa tembe za gefitinib. Marekani iliziidhinisha mwaka 2003 kwa kuwa zilipunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa. Mwishoni mwa 2004, jaribio la wagonjwa 1,692 lilionyesha kuwa, kwa jumla, waliozimeza hawakuishi muda mrefu zaidi kwa kiasi cha kutegemewa kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa.

Fumbo lilifumbuliwa mwaka 2009 na jaribio lililofanywa Asia. Wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa na kasoro katika jeni iitwayo EGFR walinufaika. Wasiokuwa na kasoro hiyo walikaa vyema zaidi kwa kemotherapi. Dawa ile ile ilimfaa mmoja, ikampotezea mwingine wakati.

Nchini Kenya, jaribio la dawa lazima lipitishwe na kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu. Kabla ya kutia sahihi, uliza:

• Jaribio liko hatua gani?

• Je, uvimbe wangu utapimwa jeni?

• Nikipata madhara, nani atagharimia matibabu?

• Naweza kujiondoa wakati wowote?

Swali la mwisho lina jibu moja tu: ndiyo, na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Anayekuahidi kupona, au kukudai pesa za dawa ya majaribio, mwepuke.

Na ukikataa, bado una haki ya kutulizwa maumivu na kusaidiwa kupumua.