Paa la Udongo katika Nchi ya Radi

Apandaye kilima cha Namirembe, upande wa magharibi wa mji wa Kampala, akasimama mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo na kuinua macho, huona jengo la matofali na vigae vya udongo lililotumika tangu 1919. Bali ni wachache miongoni mwa wapita njia wajuao kwamba jengo lile ni la tano juu ya kilima kile, na kwamba manne yaliyotangulia yaliondoka moja baada ya jingine, na aghalabu kisa kilianzia juu. La kwanza lilikuwa dogo, likaachwa kwa wingi wa waumini. La pili lilivunjwa na tufani mwaka 1894. La tatu mchwa waliingia katika nyasi za paa lake wakazila, hata wenyewe wakaona ni heri walibomoe kwa hiari kuliko kungoja liwaangukie katikati ya sala. Na la nne, lililokamilika 1904 na kuezekwa tena kwa nyasi, kana kwamba mchwa hawakusema kitu, lilipigwa na radi mwaka 1910, paa likashika moto, jengo zima likateketea. Walipoanza la tano, mwaka 1915, wajenzi walikuwa wamekwisha fundishwa na hasara, wakachagua tofali chini na kigae juu, yaani udongo uliokwisha pita motoni, ambao moto hauna cha kuutaka tena.

Waganda vigae hivi huviita amategula, na jirani zao wa Rwanda husema amategura. Na mwenye kujua Kilatini kidogo hatakosa kusikia humo neno tegula, ambalo ni jina la kigae tangu zama za Warumi, nami sioni njia iliyolileta neno hilo katika nchi za maziwa ila vinywa vya mapadri wa Kikatoliki. Sisi Waswahili hatukuazima. Tulichukua neno letu la kale, kigae, ambalo asili yake ni kipande cha chungu kilichovunjika, na kwa kufanya hivyo tukasema kweli kuliko wenzetu, kwa maana kigae cha paa na chungu cha mchuzi ni ndugu wa tumbo moja: udongo ule ule, moto ule ule, na kosa lile lile la kupasuka kikiangushwa.

Pwani kwenyewe paa la asili lilikuwa la makuti kwa mtu wa kawaida, na sakafu ya chokaa juu ya boriti kwa mwenye nyumba ya mawe. Kigae chekundu kililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi, kutoka Mangalore, ambako wamisheni wa Basel walifungua kiwanda mwaka 1865, vigae vyao vikapakiwa melini kwenda Aden na bandari za Afrika ya Mashariki. Ni kigae bapa chenye mifereji ya kuteremshia maji na meno ya kushikana na jirani yake wa juu na wa ubavuni, na umbo hilo ndilo lililobaki kuwa mfano wa vigae vingi vya kwetu hata leo. Lakini kitu kizito hakipendi safari, na kutoka bandarini hadi Buganda ni mbali. Kwa hiyo ilikuwa dhahiri kwamba nchi ya Uganda, ikitaka paa la udongo kwa maduka na maofisi yake, haina budi kuuchimba udongo huo nyumbani.

Hilo lilifanyika Kajjansi, kilomita kama 14 kutoka Kampala kando ya barabara iendayo Entebbe, ambako kiwanda cha Uganda Clays kilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya udongo wa mfinyanzi ulioko katika mabonde ya tope yaelekeayo Ziwa Viktoria. Udongo huchimbwa, hukandwa hata hewa iliyomo itoke, hushindiliwa katika kalibu, kisha huanikwa bila haraka, kwa kuwa kigae kilichokauka upande mmoja kabla ya mwingine hupinda na hakitalala tena sawasawa na mwenzake. Ndipo huingia tanurini, penye joto la digrii 900 hadi 1,000, na jambo linalonifurahisha mimi kila nilifikiripo ni kwamba moto huo wa Kajjansi umelishwa kwa maganda ya kahawa, hata mtu akasema kwa haki kwamba zao lililoinunulia Buganda nguo na baiskeli ndilo pia lililoipikia mapaa. Tangu 2000 hisa za kiwanda hicho zimekuwa zikiuzwa katika soko la hisa la Uganda, na kiwanda cha pili kimejengwa Kamonkoli, wilaya ya Budaka, si mbali na Mbale, miguuni pa Mlima Elgon. Na ajuaye gharama ya lori la vigae na hesabu ya vinavyovunjika njiani ataifahamu hekima ya kuusogeza moto karibu na mlima.

Mnunuzi hodari hachagui kigae kwa rangi. Hukishika kwa vidole viwili kikaning'inia, akakigonga kwa kifundo cha mkono: kikilia kama kengele, kimeiva, kikijibu kwa sauti ya kibuyu, kina ufa usioonekana au kilitoka tanurini kabla ya wakati wake. Kisha hukiloweka usiku kucha, akakipima kabla na baada, apate kujua kimekunywa maji kiasi gani. Mambo mawili haya hayagharimu senti, na bado nimewaona wafanyabiashara wa mali nyingi wakinunua vigae elfu kumi kwa kutazama picha tu.

Na kwa nini mwenye duka ajitie katika taabu yote hiyo, hali mabati ni rahisi, mepesi, na mafundi wawili huyamaliza kwa siku chache? Jibu hupatikana alasiri yoyote ya mwezi wa Aprili au Novemba, mvua inyeshapo Kampala. Chini ya bati mwenye duka na mnunuzi hutazamana kwa ishara kama mabubu, mwalimu huweka chaki chini, karani wa benki huandika kiasi cha fedha katika karatasi kwa kuwa kelele imeshinda maneno. Na jua likitoka saa moja baadaye, bati lile lile hugeuka kikaango. Chini ya vigae mvua husikika kama habari ya mtaa wa pili. Udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole, na hewa hupenya katika maungio, hata dari iliyo chini yake haipati homa ya ghafla. Kwa hoteli, zahanati, maktaba, na duka ambalo mnunuzi hutakiwa kukaa na kuzungumza bei, hiyo si anasa, ni sehemu ya biashara.

Lakini uzito! Hapa ndipo penye kilio, na hapa nitakaa kidogo. Chukua jengo la biashara la wastani, lenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Paa la vigae halikubali kulala. Hutaka mwinamo wa digrii 30 au karibu na hapo, ama sivyo maji ya upepo hurudi nyuma chini ya meno yake. Kwa mwinamo huo vipaa vyote pamoja hufanya mita za mraba zipatazo 690, na kila mita hutaka vigae kama 15, kila kimoja kikiwa na kilo mbili na nusu hadi tatu. Hesabu hiyo hufika vigae zaidi ya 10,000, na tani 27 au 28 juu ya vichwa vya watu. Mabati ya paa hilo hilo hayafiki tani tatu. Tena vigae hunywa: vikinywa sehemu moja tu katika kumi ya uzito wake, mvua ya kutwa huongeza juu ya kenchi maji yaliyo sawa na uzito wa paa zima la mabati. Asiyeipiga hesabu hii mwanzoni, makombamoyo yatampigia baadaye.

Jamaa yangu mmoja, mfanyabiashara wa nguo, aliona wivu juu ya vigae vya jirani yake, akamwita fundi ayaezue mabati yake na kuezeka udongo juu ya mbao zile zile zilizobeba bati kwa miaka ishirini. Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili paa lilianza kubonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, vigae vikaachana meno, maji yakashuka juu ya majora ya kitenge. Alipomwita fundi kwa ghadhabu, yule akavua kofia, akasema kwa adabu: "Hajji, uliniambia nibadili paa, hukuniambia nibadili nyumba." Nilimcheka jamaa yangu siku ile, kisha nikanyamaza, maana fundi naye alikuwa na wajibu wa kusema kabla ya kupokea ujira wake.

Sasa tupande juu zaidi, kwa kuwa Kampala, ingawa ipo mita kama 1,190 juu ya bahari, ni mji wa hali ya wastani ukilinganishwa na Kabale, uliofika mita 2,000 hivi, au na miji iliyo juu ya miteremko ya Elgon na Rwenzori. Wageni hupenda kuifananisha Kigezi, yaani nchi ya Kabale, na Uswisi, na kwa macho mfano huo unafaa. Kwa kigae haufai hata kidogo. Katika milima ya Ulaya adui mkuu wa kigae ni barafu: maji yaliyojificha katika vitundu vya udongo huganda usiku, hupanuka kwa sehemu tisa hivi katika mia, huyeyuka mchana, huganda tena, na baada ya majira machache kigae huchambuka tabaka kwa tabaka kama chapati. Ndiyo maana wenyeji wa huko hutaka kigae kilichochomwa sana, kinywacho maji kidogo, na hukijaribu kwa kukigandisha na kukiyeyusha mara nyingi kabla ya kukiuza. Kwetu barafu ya kudumu iko vileleni mwa Rwenzori, ufikao mita 5,109, ambako hakuna duka wala mteja. Mwuzaji akikudai bei ya ziada kwa kigae "kisichoogopa theluji" huko Kabale, mwulize theluji hiyo aliiona mwaka gani.

Adui wa milimani kwetu ni wengine. Upo ukungu wa asubuhi usiokauka hata adhuhuri, ambao huotesha kuvu za kijani juu ya kipaa kisichopata jua, nazo kuvu hushika takataka, takataka huziba mifereji ya kigae, maji yakatafuta njia ya ndani. Dawa yake ni brashi na subira kila mwaka, wala si pampu ya maji ya nguvu, ambayo huling'oa lile ganda gumu la juu. Upo upepo wa mabondeni, ambao hukinyanyua kigae kutokea chini kama mtu afunuaye kurasa, kwa hiyo safu za upenuni, za pembezoni na za kiungoni hufungwa moja moja kwa waya usioshika kutu, kupitia kijitundu kilichoachwa kwa kazi hiyo. Ipo mvua ya mawe, ambayo huvunja kigae chembamba. Na hapo udongo una fadhila moja kubwa, kwamba kilichovunjika hutolewa peke yake na kingine kutiwa mahali pake kwa muda wa kuvuta sigara, bila kugusa jirani.

Lipo na tetemeko. Nchi iliyo chini ya Rwenzori imo katika Bonde la Ufa, na tetemeko la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia. Mwenye kujenga Fort Portal au Bundibugyo na apime mara mbili kabla ya kutundika tani 28 juu ya kuta zisizo na mkanda wa zege. Mimi, kwa maeneo hayo, ningechagua bati zito lenye dari nene, na sioni aibu kusema hivyo katika makala inayosifu vigae. Na radi? Kigae hakishiki moto, lakini si kinga: mwezi wa Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, na mwenye paa la udongo anahitaji fimbo ya shaba iendayo ardhini sawa na mwenye bati.

Nakumbuka kichekesho kimoja cha historia ya vigae. Hekalu la Wabahai la Kikaaya, lililofunguliwa Januari 1961, lilijengwa kwa mawe na mbao za Uganda, lakini vigae vya paa lake la chini vilitoka Ubelgiji, miaka kumi na moja baada ya Kajjansi kuanza. Kama ilikuwa rangi, au umbo, au desturi ya zama zile ya kuamini cha ng'ambo, wachoraji wake ndio wajuao. Leo mtindo umegeuka kwa njia nyingine: Kampala imejaa mabati yaliyokunjwa na kupakwa rangi yapate kufanana na vigae, yakidanganya macho kutoka barabarani, lakini mvua ikinyesha husema kwa sauti asili yake.

Kwa hiyo, ewe mwenye kiwanja na nia ya kuezeka udongo kabla ya masika, mwite kwanza mhandisi atakayepima kenchi na kuta, na mwuza vigae umwite wa pili. Na ukinunua, ongeza vigae mia mbili juu ya hesabu, uvifungie stoo, kwa maana kalibu za viwanda hubadilika, na kigae cha miaka ishirini ijayo huenda kisiumane na meno ya hiki cha leo.