Indiketa ya Kushoto Si Ruhusa

Shemeji yangu alinipigia simu wiki iliyopita kutoka Makambako, sauti bado inatetemeka. Alikuwa anatoka Mbeya na familia yake kwenye Noah. Tangu Igawa alikuwa amekwama nyuma ya semi iliyobeba shaba, na kila akichungulia anaona kitu kinakuja. Mwishowe dereva wa lori akamwashia indiketa ya kushoto. Akakanyaga mafuta. Alipofika usawa wa kichwa cha lori, Fuso ikatokeza kwenye kona. Walipona kwa sababu dereva wa lori alishika breki na Fuso ikashuka kwenye kokoto. "Shem," akaniuliza, "hapo kosa langu mimi ni lipi? Si alinipa ruhusa?"

Nafundisha madereva wa magari makubwa, na kabla ya hapo niliendesha semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Swali hilo nimeulizwa darasani, kwenye vituo vya mafuta, harusini na hata msibani. Nimechoka kulijibu kwa upole. Hapakuwa na ruhusa yoyote. Dereva wa lori hana ruhusa ya kumpa mtu, kwa sababu habari unayoihitaji wewe ili upite salama yeye hana, na hata angekuwa nayo, inachacha kabla hujamaliza kupita.

Ili lieleweke, tuliache kwanza gari dogo. Tutazame lori linapolipita lori jingine, maana hilo nalo naulizwa kila siku: kwa nini yanatembea sambamba dakika nzima, wewe na msururu wako mkiwa nyuma? Watu wanaamini ni kiburi, wanaamini madereva wanashindana. Chukua kalamu. Semi moja ina urefu wa mita 17 hivi. Anayepita anaanza akiwa mita 25 nyuma ya mwenzake, na hawezi kurudi upande wake mpaka amwache mita 25 tena, nazo hizo ni chache. Jumla ni mita 84 za kumzidi mwenzake. Sheria yetu inalifunga gari la zaidi ya kilo 3,500 kwenye kilomita 80 kwa saa nje ya makazi. Tuseme yeye yuko 80 na anayepitwa yuko 76. Tofauti ya kilomita 4 kwa saa ni mita moja na kidogo kwa sekunde. Kupita kunachukua sekunde 76, na katika sekunde hizo lori limekwenda karibu kilomita 1 na mita 700 likiwa upande usio wake. Basi linalokuja mbele kwa mwendo huo huo nalo limekula kilomita 1 na mita 700. Ili dereva huyu apite kwa haki anahitaji kuona barabara tupu kilomita 3 na mita 400. Nionyeshe sehemu moja kati ya Mikumi na Tunduma ambapo macho ya binadamu yanaona magari hadi huko.

Halafu kuna tairi. Madereva wawili wanaweza kuapa kwamba mishale yao yote ilikuwa kwenye 80, na wote wakawa wakweli. Tairi jipya la lori lina kipenyo cha kama mita moja. Likilika hadi kwisha meno, kipenyo kimepungua sentimita mbili na zaidi. Kila mzunguko linakwenda hatua fupi, lakini kipima mwendo hakijui. Tairi peke yake linaweza kuleta tofauti ya kilomita 2 kwa saa kati ya malori mawili ambayo dashibodi zake zinasema kitu kimoja. Kwa tofauti hiyo kupita kunachukua dakika mbili na nusu.

"Basi kwa nini anaanza, kama anajua hana mwendo?" Kwa sababu alipoanza alikuwa nao. Hapa ndipo penye mtego, na ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuelezwa. Lori lenye uzito kamili wa tani 56, ambao ndio ukomo wa Afrika Mashariki, likikutana na mwinuko linaanguka mwendo haraka. Likiwa na injini ya nguvu farasi 420, kwenye mwinuko wa asilimia 8 linatambaa kwa kilomita 20 kwa saa. Jingine lililobeba nusu ya mzigo linakuja nyuma na mwendo wake, dereva anaona kuna nafasi, anatoka. Kilele kinafika wakiwa ubavu kwa ubavu. Kuanzia hapo uzito uliokuwa unamrudisha mwenzake nyuma unamsukuma mbele. Tofauti iliyokuwa kilomita 15 inakuwa 3, kisha sifuri. Anayepita hana pa kwenda: kurudi nyuma anaogopa kwa sababu msururu umeshajaza nafasi aliyoiacha, na mbele ni mteremko ambao bado hajauona mwisho wake. Ukiwa kwenye Noah unaona kiburi. Mimi nilikuwa kwenye kiti kile, nikijua kwamba nilikosea sekunde 40 zilizopita.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja, kijana makini, tukiwa na mzigo wa mbolea kwenye lile tambarare la Chimala. Mbele yetu kulikuwa na tenka. Dereva wa tenka akawasha ya kushoto. "Mwalimu, kanipa," kijana akasema, akatoka. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kwenye 20 tulikuwa usawa wa magurudumu ya mwisho ya tela. Kwenye 40 nilikuwa naweza kusoma maandishi ya onyo ubavuni mwa tangi, herufi nyekundu zimepasuka rangi. Kwenye 50 nikaona taa za basi, ndogo, kule mvuke wa lami unakochezacheza. Kijana akaongeza mafuta ambayo hayakuwapo. Gavana, kile kidhibiti mwendo cha lori, ilishamfikisha mwisho. Nikanyamaza kuhesabu. Aliyetuokoa ni dereva wa tenka: aliachia mafuta, akabana kushoto, tukaingia. Basi lilipita honi ikiwa imeshikiliwa. Dereva yule alipowasha indiketa alisema kweli tupu. Barabara ilikuwa wazi. Ilikuwa wazi kwa sekunde ile.

Sasa turudi kwenye indiketa, maana imani hii imeota mizizi kiasi kwamba watu wanadhani imo kwenye kitabu cha sheria. Tafsiri ya mtaani mnaijua: ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja, ya kushoto, pita. Kwenye sheria ya barabarani indiketa ya kushoto inasema jambo moja tu, naelekea kushoto. Inaweza kuwa anaingia mizani, anakwenda kula au tairi limepasuka. Ya kulia inasema anaelekea kulia, na huenda ni kweli anataka kulipita trekta ambalo wewe huwezi kuliona. Kwa hiyo taa moja ina maana mbili zinazopingana, na wewe unachagua ile inayokufurahisha.

Tuseme amekukusudia wewe. Anaona nini? Anaona mbele yake hadi kona au hadi kilele, mara nyingi mita 300 au 400. Gari dogo linalokwenda 100 likilipita lori moja linalokwenda 76 linahitaji kama sekunde 9 na mita 250, na anayekuja mbele kwa 80 anatumia mita 200 katika muda huo. Unahitaji mita 450 zilizo wazi, yeye ana 300. Kwa hesabu hiyo amekuitia kwenye ajali kwa moyo mweupe kabisa. Hajui kama nyuma yake ni Noah yenye watu wanane na injini iliyochoka au gari linaloruka. Ukiwa umemganda nyuma ya tela hakuoni hata kidogo. Aliiona taa yako dakika mbili zilizopita akadhani bado upo. Na kuna malori mengi ya Kimarekani yenye usukani wa kushoto kwenye barabara zetu. Dereva wa lori hilo, akiwa nyuma ya lori jingine, hawezi kuchungulia upande wa kulia bila kulitoa lori lenyewe. Anategemea macho ya utingo. Na utingo naye amelala, maana ni saa kumi alfajiri.

Na tuseme ishara imekufaa wewe, ukapita salama. Nyuma yako kulikuwa na magari manne na yote yameiona taa ile ile. Wa pili anakufuata akiamini ni yake pia, na wa tatu anamfuata wa pili. Yule wa nne anaingia upande wa kulia sekunde 15 baada ya ishara kutolewa. Ajali nyingi nilizosimama kando yake zikipimwa na trafiki zilikuwa za huyu wa nyuma, na ndugu zake wakaja na maelezo hayo hayo: aliruhusiwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nikilieleza darasa linanyamaza. Umeme wa tela unatoka kwenye kichwa kupitia plagi yenye pini saba. Moja ni ya indiketa ya kushoto, moja ya kulia. Plagi hizi zinakanyagwa, zinaloa, zinachomoka njiani, na fundi wa kando ya barabara anaziunga usiku kwa mwanga wa simu. Katika ukaguzi mmoja tulikuta tela ambalo dereva akiwasha ya kulia, nyuma inawaka ya kushoto. Alikuwa ametembea nalo siku mbili. Siku mbili mtu mwema alikuwa anawaonya watu wasipite, na tela lake linawaambia wapite.

Wengine wananijibu kwamba ishara hizi ni utu wa barabarani, kwamba madereva wa malori wanasaidia. Najua. Niliziwasha mwenyewe miaka yote ile, kwa nia njema, mpaka siku ya tenka. Utu ninaowafundisha sasa uko kwenye mguu wa anayepitwa. Turudi kwenye hesabu ya mwanzo. Yule wa 76 akiachia mafuta mpaka 65, tofauti inakuwa kilomita 15, na kupita kunashuka kutoka sekunde 76 hadi 20, kutoka kilomita 1 na mita 700 hadi mita 450. Hasara yake yeye haifiki sekunde 10 katika safari ya siku mbili. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu Usafiri wa Barabarani unamtaka anayepitwa abane upande wake na asiongeze mwendo, na barabara ikiwa haitoshi, apunguze na hata apishe. Wajerumani, ambao wanauita mchezo huu mbio za tembo, waliliamua mahakamani: mwaka 2008 mahakama ya rufani ya Hamm ilisema lori kulipita jingine kusizidi sekunde 45 na tofauti ya mwendo iwe angalau kilomita 10 kwa saa. Na hiyo ni kwenye barabara isiyo na mtu anayekuja mbele! Sisi wenye njia moja kwenda na moja kurudi tunajiruhusu dakika mbili.

Haya, la kufanya. Ukiwa kwenye gari dogo, kaa nyuma kiasi cha kuviona vioo vyote viwili vya lori. Ukiwa mbali unaona mbele zaidi, na ukianza kuongeza mwendo mapema unaingia upande wa kulia ukiwa nao tayari. Usipite ukiwa wa pili. Usipite karibu na kilele hata lori likitambaa, subiri njia ya kupandia malori kwenye milima iliyo nayo. Malori mawili yakiwa sambamba mbele yako, ongeza umbali, kwa sababu mmoja wao anaweza kulazimika kurudi, na nafasi anayoihitaji ni hiyo uliyokalia. Ukikwama katikati, breki na kurudi nyuma, usijaribu kumaliza. Abiria wa basi, semeni, dereva anawasikia. Dereva wa lori, kama humzidi mwenzako kilomita 15, mwache, na kama umeanza mwinukoni na kilele kimekukuta usawa wake, rudi. Ukipitwa, achia mafuta bila kuombwa. Mwenye kampuni, acha kumpigia simu dereva kila saa umuulize amefika wapi.

Na kabla ya kuondoa lori, mwambie utingo asimame nyuma ya tela. Washa ya kushoto. Kisha mwulize anaona ipi.