Kulisoma Jengo Kabla ya Kulivunja

Mtu asimamapo leo Imbuga City Walk, ile njia ya katikati ya mji wa Kigali iliyofungwa kwa magari tangu 2015, akaangaza macho huku na huku, huvutwa kwanza na Kigali City Tower na ghorofa zake 20. Na akiyateremsha kidogo, huyaona majengo mengine ambayo hapana mtu ayatajaye, yenye ghorofa tatu, nne au tano, kuta za matofali au za zege lililopakwa rangi ya maziwa, madirisha mengi madogo yaliyopangwa mfano wa sahani kabatini, na juu ya mlango jina la kampuni iliyokwisha kuhama. Mwenye jengo la namna hii, baada ya wapangaji kumwondokea mmoja mmoja, hujiwa na washauri wa aina mbili: wa kwanza humwambia alivunje asimamishe mnara, na wa pili humwambia alivike vioo vya samawati pande zote, atie viyoyozi, kisha apandishe kodi. Rai yangu, baada ya miaka mingi katika kazi hii ya ukarabati, ni kwamba wote wawili wamelitazama jengo uso tu, ilhali maradhi yake yako tumboni.

Na tulitazame kwanza hilo la kuvunja. Kigali haina bandari. Vioo, lifti na aluminiamu hupakuliwa Dar es Salaam, kisha hupakiwa malori kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,400 hadi Kigali kupitia daraja la Rusumo mpakani, na saruji ya nyumbani, ile ya Cimerwa, hutoka Bugarama, pembeni kabisa mwa nchi upande wa kusini-magharibi, ikapanda na kuteremka milima ya Nyungwe kabla haijafika mjini. Fauka ya hayo, saruji peke yake hukadiriwa kutoa asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa yote itokanayo na kazi za wanadamu. Nguzo na sakafu zilizokwisha kusimama, kwa hiyo, ni mali iliyolipiwa nauli zamani, na anayeibomoa hana budi kuilipia mara ya pili.

Walakini mali hiyo haina faida ikiwa imeoza, na hapa ndipo kazi ya mhandisi inapoanza. Nchi hii ya Rwanda iko ukingoni mwa Bonde la Ufa; tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la nguvu ya 5.9 liliupiga upande wa Rusizi na Bukavu, likaua watu na kuangusha nyumba, na jengo la miaka ya 1970 halikuhesabiwa kila mara kwa kadiri ya hatari hiyo. Kabla ya kuzungumza habari za rangi na zulia, basi, fundi huja na keekee yenye mdomo wa almasi, akatoa katika nguzo kipande cha zege kirefu chenye unene wa mshumaa wa kanisani, akakipasua, na kukinyunyizia dawa iitwayo fenolfthalini, ambayo chupani haina rangi kama maji. Penye uzima zege hugeuka waridi iliyokoza papo hapo, kana kwamba limeona haya. Palipokwisha kuingiliwa na hewa ya ukaa hubaki kijivu vile vile. Zege jipya lina alkali kali inayokinga nondo zisishike kutu, lakini kadiri miaka inavyopita hewa ya ukaa hupenya polepole, milimita kwa milimita, na ikizifikia nondo ile kinga huondoka, chuma hushika kutu, na kutu, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hulisukuma zege nje mpaka likamenyeka vipande. Nakumbuka mzee mmoja, mwenye jengo la ghorofa nne, alivyokishika kipande cha namna hiyo kiganjani mwake: ukanda wa kijivu haukupita upana wa kidole chake, na nondo zilikuwa ndani zaidi, katika ile sehemu ya waridi. Akakitia mfukoni, na nadhani anacho mpaka leo.

Nguzo zikisha kuthibitika, ndipo lifuatapo swali la kazi yenyewe, maana kazi za afisi si zile zilizokuwako jengo lilipochorwa. Tangu 2015 serikali imekuwa ikizipeleka huduma zake katika jukwaa la Irembo, na cheti kilichokuwa kikitaka foleni, mhuri na jalada sasa huombwa kwa simu. Tarehe 21 Machi 2020 nchi ilifungwa kwa sababu ya korona, na afisi zilipofunguliwa tena ziliruhusiwa kwa muda mrefu kuita sehemu tu ya watumishi wao, wengine wakabaki nyumbani; na tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi zikawekwa kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Majalada yamepungua, nayo ni mambo mazito kwa maana halisi ya neno, kwa kuwa sakafu ya afisi aghalabu huhesabiwa kuchukua kilo 200 hadi 300 kwa kila mita mraba, na chumba cha makabati yaliyojaa karatasi hadi darini hupita kiasi hicho kwa mbali. Foleni zimepungua pia. Kilichoongezeka ni maongezi: kila mtu anasema na skrini yake, na wa upande wa pili huenda yuko Nairobi, au Brussels, au kitandani kwake Kimironko.

Ukumbi wa afisi usio na kuta si bidhaa mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Quickborn karibu na Hamburg, ndugu wawili Wajerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, waliziondoa kuta za afisi na kuzitawanya meza kama miti katika bustani. Ila walitandika mazulia, wakaweka pazia na mimea, kwa kuwa walijua kwamba ukuta hufanya kazi mbili, ya kuficha uso na ya kuzuia sauti. Wengi wanaowaiga leo hapa mjini wamelishika la kuondoa kuta wakalisahau la kuzuia sauti. Niliitwa mwaka mmoja kulitazama jengo lililokarabatiwa kwa fedha nyingi, sakafu ya marumaru bandia inayong'aa, dari ya lipu, kioo pande zote, na mtu wa kwanza niliyekutana naye alikuwa binti wa idara ya hesabu, ameketi kwenye ngazi ya dharura baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, kompyuta magotini, anazungumza na mteja. Ukumbini, akaniambia, akisema mmoja wanasikia arobaini. Tangu miaka ya 1890 Wallace Sabine wa Harvard alikuwa ameidhihirisha hesabu ya mwangwi, usiku akiihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ili aone mlio unadumu sekunde ngapi. Na hesabu yake haina siri, kwamba chumba kikubwa chenye nyuso ngumu huvuma, na kitu laini chenye vinyweleo huimeza sauti. Mikeka ya mafunjo iliyotungikwa ukutani kwa kuachiwa nafasi ya hewa nyuma yake hufanya kazi hiyo vema, na haihitaji kupita Rusumo.

Umbo la kale, kwa bahati, linatusaidia. Jengo la zama zile limepangwa vyumba huku na huku na ushoroba katikati, na kuta za vyumba hivyo mara nyingi ni matofali ya kujaza tu, yasiyobeba uzito wowote, maadamu nguzo na boriti ndizo zibebazo. Mimi huziondoa za upande mmoja nikapata ukumbi wa watu wa kukaa pamoja, na za upande wa pili nikaziacha, zikawa vyumba vya watu wawili watatu, na vingine vya mtu mmoja mwenye simu. Mwenye jengo hunilaumu kwamba nimeacha nusu ya kazi.

Mfano wa karibu wa hekima hii uko hapo hapo mjini, nao haukuwa afisi asilani. Ile iliyokuwa Shule ya Wabelgiji ya Kigali ilichukuliwa na taasisi ya Norrsken ya Sweden, ambayo nyumba yake ya Stockholm ilikuwa karakana ya tramu, na tangu 2021 mahali pale pamekuwa maskani ya kampuni changa na wajasiriamali. Sioni ajabu kwamba shule imegeuka mahali pa kazi kwa wepesi: darasa ni chumba kilichobuniwa ili mtu mmoja asikike na wengine wapate mwanga na hewa.

Na hewa ndiyo neema ambayo mvisha vioo huitupa. Kigali iko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Mchana joto aghalabu halipiti nyuzi 28, na usiku hushuka hata 15 au 16, kwa hiyo zege likipozwa usiku kwa upepo hubaki na ubaridi mpaka adhuhuri. Mji uko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, jua likawa utosini mwezi wa Machi na wa Septemba. Upande wa kaskazini na wa kusini ukingo mfupi wa zege uliotokeza juu hulikinga dirisha mwaka mzima, lakini mashariki na magharibi jua huingia likiwa chini, na huko kioo kitupu ni tanuri. Wajenzi wa zamani walilijua hilo, wakaweka upande wa magharibi matofali ya matundu, yapitishayo upepo na kuuvunja mwali wa jua.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo: mabati ya asibesto yaondolewe na watu wenye idhini, kamwe yasipasuliwe na vibarua, nyaya za umeme zibadilishwe zote, ngazi ya moto isigeuzwe stoo wala afisi, na mwenye kiti cha magurudumu aingie kwa mlango ule ule waingiao wengine.

Yule mzee wa ghorofa nne alikuwa na ukuta mmoja wa magharibi uliozibwa kwa lipu miaka mingi, naye alikwisha kuagiza viyoyozi sita vya upande huo. Tulimwomba asubiri wiki moja. Mafundi walipoigonga ile lipu ikaanguka vipande, na nyuma yake yakatokea matofali ya matundu, safu kumi na mbili, mengi yao mazima, yamejaa viota vya mbayuwayu. Yalipokwisha kusafishwa ilikuwa saa tisa alasiri. Mzee aliivuta meza yake kutoka pembeni, akaiweka mbele ya ukuta ule, akaketi, na karatasi zilizokuwa juu ya meza zikaanza kupeperuka moja moja. Akatafuta kitu cha kuzikandamizia, akatia mkono mfukoni, akakitoa kile kipande cha nguzo.