Vito na shanga zinazogeuka rangi

Shanga inayometameta kwa rangi za upinde wa mvua mara nyingi haina rangi hizo ndani yake. Mwanga hugonga tabaka nyembamba mno. Sehemu yake hurudi kutoka juu ya tabaka, nyingine kutoka chini, na kila kito kinapogeuzwa rangi moja hupata nguvu na nyingine hufifia. Mafuta ya taa yaliyomwagika dimbwini hufanya vivyo hivyo.

Mkoani Katavi mfano wa karibu umo katika mawe ya shaba. Miamba ya Mpanda ina kalkopairiti, madini ya shaba, chuma na salfa. Jiwe hilo likipasuliwa huwa la manjano. Likikaa kwenye hewa na unyevu, uso wake hushika utando wa zambarau, buluu na kijani. Ni zuri, lakini laini: ugumu wake kwa kipimo cha Mohs ni 3.5 hadi 4, hivyo linafaa kidani kuliko pete.

Ganda la chaza wa lulu, ambalo akina mama wa Bweleo, Unguja, hulikata na kulisugua kutengenezea herini, lina nafuu. Tabaka zake zimepangana hadi ndani, kwa hiyo rangi haiishi kwa kusuguliwa.

Shanga nyingi za kioo za sokoni hupakwa utando wa metali, nao huchubuliwa na jasho na manukato. Mnunuzi achungulie kwenye tundu: rangi ikiwa imechunika hapo, ni ya kupakwa.