Breki za Umeme za Tela: Tufuate Waya Kabla ya Kufungua Gurudumu

Ndugu Wanachama,

Msimu ukikaribia, sote hushughulika na majamvi, magunia na wachumaji. Tela hukumbukwa siku ya kupakia. Leo twapenda kuzungumza juu ya tela lenye breki za umeme, aina iliyoenea sana Marekani. Mwenye kununua tela la namna hii lililokwisha kutumika hana budi kuzijua breki zake.

Tutazame kwanza safari moja ya bara. Kutoka Bunda, mkoa wa Mara, njia hupita Kibara hata Kisorya, kando ya Ziwa Viktoria, ambako magari hupanda pantoni kwenda kisiwa cha Ukerewe. Dereva anayeshuka kwenda pantoni na tela lililojaa ana maji mbele yake na mzigo nyuma yake. Breki za tela zisiposhika, mzigo ndio utakaoiendesha gari. Nasi wa kisiwani tunavyo vilima vyetu na magati yetu. Mwenye kushuka Mkoani na magunia ya karafuu yumo katika hali ile ile.

Breki hizi hufanyaje kazi? Dereva akikanyaga breki, kisanduku kilicho karibu na usukani hupeleka kwenye tela umeme wa betri ya volti 12. Ndani ya kila ngoma ya gurudumu lenye breki mna sumaku. Ikipata umeme, sumaku hunata kwenye ngoma inayozunguka, huvutwa nayo, na mkono wake husukuma viatu vya breki vikaibana ngoma. Basi umeme ukipungua njiani, breki nazo hulegea, ijapokuwa viatu ni vipya.

Kwa hiyo uchunguzi uende kwa taratibu hii:

1. Plagi na waya wa ethi. Hewa yetu ya chumvi hula shaba na chuma. Safisha meno ya plagi, na mahali ethi inaposhikana na chuma ipige msasa mpaka ing'are. Ethi mbovu ndiyo sababu ya breki kushika leo na kukataa kesho.

2. Gari au tela? Chomoa plagi, inua gurudumu kwa jeki na uweke magogo chini ya tela. Lizungushe kwa mbele, kisha mwenzio apeleke umeme wa betri, kupitia fyuzi, kwenye waya wa breki na ethi. Likisimama mara moja, tela ni zima. Ubovu utafutwe kwenye gari. Fanya hivyo kwa kila gurudumu.

3. Pima ampea. Sumaku ya ngoma ya inchi 10 au 12 hula kama ampea 3. Magurudumu mawili 6, manne 12. Mita isiposogea, waya umekatika. Ikionyesha pungufu, pana kutu, au waya ni mwembamba, au sumaku moja imekufa. Ikizidi sana, pana shoti: waya umechunika ukagusa chuma, au sumaku imeungua ndani.

4. Sasa fungua gurudumu. Umeme ukiwa sawa na breki hazishiki, tazama viatu. Vikiwa vimelika, au vimenywa grisi, vibadilishe vya pande zote mbili, la sivyo tela litavuta upande mmoja. Kisha kaza nati ya kurekebishia mpaka viatu vibane, uilegeze kidogo hata gurudumu lizunguke.

Tusisahau betri ndogo ya telani na kamba yake. Tela likikatika kutoka kwenye gari, kamba huchomoa pini, na betri hiyo huzishikisha breki. Ijaribu plagi ikiwa imechomolewa, kwa muda mfupi tu, kisha rudisha pini. Betri iliyokufa haitamwokoa aliye nyuma yako kilimani.

Kazi ikiisha, jaribu tela tupu polepole mahali tambarare, halafu kwa mzigo mdogo. Wala asipandishwe mtu juu ya magunia. Gunia la karafuu likimwagika huzolewa. Mtoto wa mwanachama aliyeanguka kilimani hazoleki. Tahadhari kabla ya athari.

Wassalaam,
Katibu